Mlipe Fundi Atafute Tundu, Si Ajaze Gesi

AC ya gari ikianza kupuliza upepo wa moto, Dar es Salaam nzima ina jibu moja: gesi imeisha, nenda kajaze. Fundi anafungua boneti, anapachika geji, anafungua mtungi, na baada ya robo saa ubaridi umerudi. Ikipita miezi miwili au mitatu, joto linarudi na gari linapelekwa pale pale kwa dawa ile ile. Ukihoji, utajibiwa kwa upole kabisa: "Bosi, hili gari la zamani. AC za magari ya zamani ndivyo zilivyo, zinataka kujazwa mara kwa mara." Mwenye gari anatikisa kichwa kukubali, analipa, anaondoka.

Jibu hilo nalipinga lote. Gesi ya AC haiishi kwa kutumika. Uzee wa gari si ruhusa ya kuvuja. Tundu kwenye paipu au mpira wa AC ni ubovu wa kawaida, unaotafutika, unaoonekana na unaozibika, na mara nyingi gharama ya kuuziba ni ndogo kuliko ya mitungi ambayo mwenye gari atainunua kwa mwaka mmoja. Wala mzigo wa lawama siwatwishi mafundi peke yao. Sisi wenye magari ndio tuliolijenga soko hili, kwa sababu tuko tayari kulipia gesi lakini hatuko tayari kulipia muda wa mtu anayetafuta inakotokea. Hilo ndilo shina la tatizo, na matawi yake yote yanaota hapo.

Tuanze na gesi yenyewe. AC ya gari ni mzunguko uliofungwa. Kompresa inaikamua gesi hadi inakuwa na presha kubwa na joto kali, kisha inaisukuma kwenda kwenye kondensa, ile iliyokaa mbele ya rejeta. Hapo inapoa na kugeuka kimiminika. Inapita kwenye draya, inayochuja uchafu na kunyonya unyevu, inafika kwenye valvu ndogo inayoiachia kwa kipimo, halafu inaingia kwenye koili ya ndani iliyofichwa chini ya dashibodi. Huko presha inashuka ghafla, kimiminika kinachemka na kufyonza joto la hewa inayopulizwa na feni. R134a, gesi iliyomo kwenye magari mengi yaliyotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1990, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri ikiwa katika presha ya kawaida ya hewa, na ubaridi tunaouhisi usoni unatokana na tabia hiyo. Baada ya hapo gesi inarudi kwenye kompresa na kuanza safari upya.

Katika safari yote hiyo hakuna mahali inapoungua wala inapogeuka kuwa kitu kingine. Petroli inaungua, na hata pedi za breki zinalika, lakini gesi ya AC inazunguka tu, leo na mwaka kesho. Ikipungua, imetoka nje. Na kama imetoka nje, pana mahali ilipotokea. Fundi anayejaza bila kutafuta mahali hapo hajatengeneza chochote. Amekukopesha ubaridi kwa wiki kadhaa, na deni umebaki nalo wewe.

Wapo watakaosema kwamba AC zote hupoteza gesi kidogo, hata za magari mapya. Ni kweli. Gesi hupenya taratibu kwenye kuta za mipira na kwenye sili ya shafti ya kompresa. Lakini upoteaji huo ni wa gramu chache, au makumi machache ya gramu, kwa mwaka mzima. Gari dogo la kawaida hubeba kati ya gramu 400 na 800, na inachukua miaka kadhaa kabla upungufu wa namna hiyo haujamfikia dereva kama joto. Kwa hiyo gari lililofanya kazi vizuri miaka sita na sasa linapoa kidogo kuliko zamani, sawa, liongezwe gesi, na litiwe pia rangi ya kung'aa ya kutafutia uvujaji ili mwakani pawe na ushahidi. Ila gari linalomaliza gesi kwa miezi miwili halimo katika hesabu hiyo. Lina tundu, na anayeuita huo uzee anaficha tundu nyuma ya uzee.

Tundu lenyewe liko wapi? Wengi hudhani kulitafuta ni kazi ya mashine za gharama ambazo gereji zetu hazina. Twende tukaangalie. Ndani ya mzunguko ule, pamoja na gesi, husafiri pia mafuta ya kulainisha kompresa. Gesi ikipenya mahali huyavuta na mafuta, yananata, na vumbi letu linaganda juu yake. Kagua injini kwa jicho tu, bila kuiosha kwa maji: pita na tochi juu ya kila kiungo cha paipu, kila mahali mpira unapobanwa kwenye kichwa cha aluminiamu, mbele ya kondensa, chini ya kompresa. Pale utakapoona doa jeusi lenye unyevunyevu, limezungukwa na vyuma vikavu, hapo pana habari. Lipake povu zito la sabuni. Ukiona viputo vidogo vinazaliwa polepole mahali pamoja, kimoja baada ya kingine, umelipata. Kazi hiyo haihitaji zaidi ya tochi, brashi, sabuni na uvumilivu.

Magari yetu ya zamani yana mahali pake panapojulikana. Pa kwanza ni oringi, zile pete ndogo za mpira kwenye maungio. Kwa joto la injini la miaka kumi na tano hukauka na kuwa ngumu kama plastiki, na hapo hazizibi tena. Pa pili ni pale paipu ya aluminiamu inapopita kwenye klipu ya chuma. Ule mpira wa kinga uliowekwa kiwandani umeoza na kudondoka, chuma kimegusana na aluminiamu, na kwa hewa ya chumvi ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar, aluminiamu inaanza kuliwa. Ukiondoa klipu unakuta unga mweupe, na chini ya unga kuna vishimo kama vya sindano. Pa tatu ni laini ndefu inayopeleka gesi kwenye koili ya nyuma katika magari kama Noah na Hiace. Inapita chini ya sakafu, inapigwa na kokoto, inakaa na tope la masika hadi kiangazi. Pa nne ni valvu za kujazia zenyewe, zile ambako fundi hupachika geji kila mara. Ndani yake kuna kijisindano kinachofanana na cha tairi, na juu yake panatakiwa kifuniko chenye oringi, ambacho ndicho kizuizi cha mwisho cha gesi. Fungueni maboneti ya magari yenu mkaangalie ni mangapi yamebaki na vifuniko hivyo. Vimeachwa juu ya fenda, vimeanguka, vimesahauliwa katika ujazaji wa juzi. Gari linavuja kupitia mlango uleule uliotumika kulijaza, na linarudishwa kujazwa kupitia mlango huo huo.

Yapo matundu magumu, sikatai. Koili ya ndani ikitoboka, dashibodi lazima ishuke, na kazi hiyo ni ya siku nzima au zaidi. Sili ya shafti ya kompresa ikivuja, huenda kompresa ikabidi ibadilishwe. Lakini huwezi kulipangia tundu bei kabla hujajua liliko. Kumwambia mteja kwamba kutengeneza ni ghali wakati hujatafuta ni kutoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi.

Tukija kwenye gharama, watetezi wa kujaza husema: gesi ni rahisi, kutengeneza laini ni ghali, na mwananchi wa kawaida mwenye gari la mtumba hana fedha hizo. Hoja hii inavaa nguo ya huruma, kwa hiyo tuivue tuone mwili wake. Gari linalojazwa kila baada ya miezi mitatu linajazwa mara nne kwa mwaka. Chukua bei unayotozwa, zidisha kwa nne, kisha zidisha kwa miaka ambayo umekuwa na gari hilo. Halafu muulize fundi bei ya seti ya oringi, bei ya kijisindano cha valvu na kifuniko chake, bei ya kuchomelea paipu ya aluminiamu, bei ya kutengenezewa mpira mpya kwa kutumia vichwa vya zamani. Fanya hesabu hiyo kwa kalamu, kwa bei za mtaani kwako. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Katika AC, mchukuzi ni muuza gesi, na anayepungukiwa mali njiani ni wewe.

Na hapo hatujahesabu kompresa. Nimesema mafuta yake husafiri na gesi. Gesi ikipungua, mafuta hayarudi vizuri kwenye kompresa, na chuma kinasuguana na chuma. Watengenezaji waliliona hilo mapema, wakaweka swichi ya presha: gesi ikishuka mno, klachi ya kompresa haishiki. Swichi hiyo ni mlinzi. Lakini zipo gereji ambako mlinzi huyo hufungwa mdomo kwa kipande cha waya, klachi ishike hata pasipo na gesi ya kutosha, mteja aone ubaridi kidogo na alipe. Kompresa inayozungushwa hivyo inajisaga yenyewe, na vumbi la chuma linasambaa kwenye kondensa, kwenye draya, kwenye valvu. Siku itakapokwama kabisa, mteja atauziwa kompresa ya mtumba, na bila kusafisha mfumo hiyo nayo itakufa kwa vumbi la marehemu. Mlolongo wote huo ulianza na oringi moja.

Tena laini inayovuja inaruhusu pia vitu kuingia. Gesi ikiisha hadi presha ya ndani ilingane na ya nje, hewa yetu yenye unyevu inapenya. Maji yakikutana na gesi na mafuta ndani ya mfumo wenye joto, hutengeneza asidi inayokula aluminiamu kutoka ndani, na yakifika kwenye valvu ndogo huweza kuganda barafu na kuziba njia. Ndiyo maana mfumo uliofunguliwa au ulioisha gesi lazima uvutwe vakyumu kwa pampu, nusu saa hadi saa nzima. Katika ombwe kali maji huchemka hata kwa joto la kawaida la mchana, yanageuka mvuke na kunyonywa nje. Anayejaza juu ya hewa na maji anaongeza ugonjwa.

Na hata kipimo anakijuaje? Watu wanaamini geji inaonyesha kiasi cha gesi. Haionyeshi. Injini ikiwa imezimwa na nje kuna nyuzi 30, geji ya R134a itasoma karibu psi 97, iwe ndani kuna gramu 200 au gramu 600, alimradi kuna kimiminika kilichobaki. Presha inafuata joto, haifuati wingi. Kiasi sahihi kimeandikwa kwa gramu kwenye kibandiko chini ya boneti, na kinapatikana kwa mizani tu, baada ya kutoa gesi yote iliyobaki. Anayeongeza juu ya kiasi asichokijua anabahatisha, na gesi ikizidi, presha ya kondensa inapanda na kutafuta kiungo kilicho dhaifu. Hivyo ndivyo ujazaji wa kukisia unavyozaa tundu jipya kwenye laini iliyokuwa nzima.

Kuna wanaoniambia: basi kama tundu ndilo tatizo, si kuna kopo la dawa ya kuziba? Unaimwaga ndani, inatafuta tundu yenyewe, kazi imekwisha. Hapana. Dawa nyingi za namna hiyo hukauka zinapokutana na unyevu, na ndani ya gari lililovuja muda mrefu unyevu upo. Inaganda palepale isipotakiwa: kwenye valvu ndogo, kwenye draya, kwenye njia nyembamba za kondensa. Na gereji yenye mashine nzuri ya kuvuta gesi itakukataa ikijua umeiweka, kwa kuwa inaharibu mashine. Vivyo hivyo gundi ya chuma inayopakwa juu ya paipu. Laini ya presha kubwa mchana wa jua hufikia psi 200 na zaidi, inatetemeka na injini, inapanuka na kusinyaa. Gundi haidumu hapo.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye mtungi. Mwaka 2011 makontena ya ubaridi ya mizigo ya meli yalilipuka na mafundi wakapoteza maisha. Uchunguzi ulielekeza kwenye gesi bandia iliyouzwa kwa jina la R134a, iliyochanganywa na kloridi ya methili, kemikali inayoshambulia aluminiamu na kuzalisha kitu kinachowaka kikigusana na hewa. Kondensa yako ni ya aluminiamu, paipu zako ni za aluminiamu. Kila unapojaza unanunua tena bahati nasibu ya mtungi usioujua ulikotoka, pengine wenye gesi inayoshika moto, na koili ya ndani ya gari iko futi chache kutoka magotini pa abiria. Anayeziba tundu ananunua gesi mara moja, anaweza kuichagua na kuilipia ya uhakika. Anayejaza kila msimu atakutana na mtungi mbaya siku moja.

Sasa niigeukie kauli inayoniumiza kuliko zote: kwamba gari la zamani halistahili. "Gari lenyewe la mwaka 2002, unahangaika na AC ya nini? Shusha vioo." Magari ya zamani ndiyo magari yetu. Kenya inaruhusu kuingiza magari yasiyozidi umri wa miaka minane, Uganda iliweka kikomo cha miaka kumi na tano, Tanzania inatoza ushuru wa uchakavu kwa yaliyopitiliza umri. Na baada ya kuingia, magari hayo yanakaa nasi miaka kumi, kumi na tano, ishirini. Ndiyo yanayopeleka watoto shule, yanayobeba wagonjwa usiku, yanayolisha dereva wa teksi na wa mtandaoni. Kusema gari la zamani halistahili AC nzima ni kusema wenye magari hayo hawastahili.

Na AC si anasa ya wenye nazo. Dereva anayekaa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, saa tisa mchana mwezi wa pili, na jasho linamwingia machoni, amechoka kabla ya kufika. Mvua za masika zikishuka, vioo vimefungwa na watu watano ndani, kioo cha mbele kinapata ukungu kwa dakika moja, na kinachokausha ukungu huo ni AC, kwa sababu koili ya ndani hukamata unyevu wa hewa na kuutiririsha chini ya gari. Dereva asiye na AC anafuta kioo kwa kitambaa huku anaendesha. Anayeiita AC ya gari la zamani mapambo hajaendesha katika mvua hiyo.

Tena katika jambo hili uzee wa gari ni faida. Magari mengi ya miaka ile yana kompresa ya kawaida yenye klachi, swichi chache, nafasi ya mkono kupita, na gesi ambayo kila fundi anaifahamu. Magari mapya ya Ulaya yamehamia gesi ya R1234yf, kwa sababu sheria ya Umoja wa Ulaya ilizuia R134a kwenye magari yote mapya kuanzia 2017, na gesi hiyo ni ghali kuliko hii yetu. Kwa hiyo kama kuna AC inayotengenezeka chini ya mwembe kwa akili na vifaa vichache, ni ya gari la mwaka 2002. Paipu ya aluminiamu iliyotoboka inachomelewa na mtu mwenye mashine ya gesi ya agoni na mkono mtulivu. Mpira uliochoka unakatwa, vichwa vyake vya asili vinabaki, na mpira mpya unabanwa kwa mashine. Kutoka Gerezani jijini Dar es Salaam hadi Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na Kisekka jijini Kampala hawakosekani watu wenye mikono ya kufanya kazi hizo. Sharti ni moja: mpira uwe ule wa AC, wenye utando wa nailoni ndani, usiwe wa mafuta ya dizeli wala wa haidroli, maana gesi itapenya humo kama jasho kwenye shati.

Limebaki jambo ambalo watu wetu hulipuuza wakidhani ni la mikutano ya wakubwa: hewa tunayoiachia gesi hii. Magari ya zamani zaidi yalitumia R12. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba kemikali za jamii hiyo zinapanda juu na kuharibu tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal ikasainiwa 1987, R12 ikaondolewa, na wanasayansi hao wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1995 pamoja na Paul Crutzen. R134a ilichukua nafasi kwa sababu haigusi ozoni. Lakini inashika joto la dunia: kilo moja yake ina nguvu ya takriban kilo 1,430 za kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka mia. Gari lenye gramu 500, likivuja zote, limeachia sawa na kilo 715. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi. Kwa hiyo kila ujazo mmoja unaopotea ni kama kuchoma zaidi ya lita 300 za petroli bila kwenda popote. Gari linalojazwa mara nne kwa mwaka huenda linaiharibu hewa zaidi kwa AC yake kuliko kwa bomba lake la moshi.

Tena mkataba unaohusu gesi hii una jina la mji wa jirani zetu. Ni Marekebisho ya Kigali ya Itifaki hiyo ya Montreal, yaliyokubaliwa nchini Rwanda Oktoba 2016 na kuanza kutumika 1 Januari 2019. Kwa kundi la nchi zinazoendelea, zikiwemo za Afrika Mashariki, yanataka matumizi ya gesi za jamii ya R134a yasiongezeke tena kuanzia mwaka 2024, yapungue kwa asilimia 10 ifikapo 2029, asilimia 30 ifikapo 2035, na asilimia 80 ifikapo 2045. Aliyeona yaliyoipata R12 anajua maana yake: gesi inapunguzwa sokoni, bei inapanda, bandia inaongezeka. Anayeishi kwa kujaza amejenga maisha yake juu ya kitu kinachoondolewa. Aliyeziba tundu lake hana hofu hiyo, kwa sababu gesi yake imo ndani ya gari na itabaki humo.

Basi kwa nini, kama ukweli uko wazi hivi, desturi ya kujaza inashinda? Kwa sababu ya namna tunavyolipa. Fundi akitumia saa mbili kutafuta tundu na kulipata kwenye kijisindano cha valvu, akakibadilisha na kukutajia bei ya saa hizo, utapiga kelele: kidude hiki kidogo ndiyo bei yote hiyo? Lakini akikujazia gesi kwa robo saa, umeona mtungi, umesikia sauti ya gesi, umehisi ubaridi, unalipa bila swali. Tumewafundisha mafundi kwamba maarifa hayana bei na kwamba gesi ndiyo yenye bei. Kijana aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA anajua kupima kwa naitrojeni, anajua vakyumu, anajua mizani. Baada ya miezi sita gereji anaona wenzake wanaojaza tu wanakula vizuri kuliko yeye, naye anaiweka kando elimu yake. Hatukunyimwa mafundi wazuri. Tunawaua kwa malipo yetu.

Dawa iko mikononi mwetu, na inaanza na mpango wa malipo. Ukifika gereji, kubalianeni kwanza bei ya kutafuta, kazi inayojitegemea, inayolipwa hata kama utaamua kutotengeneza. Mtake fundi akuonyeshe tundu kwa macho yako: povu, doa la mafuta au rangi inayong'aa chini ya taa ya zambarau. Mfumo ukiwa mtupu, upimwe kwa naitrojeni, kamwe si kwa oksijeni. Baada ya kuziba, oringi za kila kiungo kilichofunguliwa ziwe mpya na zipakwe mafuta ya AC, draya ibadilishwe kama mfumo ulikaa wazi, vakyumu ivutwe, kisha geji zifungwe na kuachwa. Sindano ikisimama, laini imeshika. Ikipanda, kazi haijaisha na gesi isiguswe. Ndipo ijazwe kwa mizani, kwa gramu za kwenye kibandiko, na vifuniko vya valvu virudishwe mahali pake. Fundi aliyefanya hivyo ana haki ya kulipwa vizuri, na wewe una haki ya kudai dhamana ya miezi kadhaa.

Na kama tundu liko kwenye koili ya ndani na kwa sasa huna fedha za kushusha dashibodi, kuwa mkweli na nafsi yako: zima AC, weka akiba, uitengeneze siku utakapoweza. Hilo si aibu. Aibu ni kununua gesi ukijua inakwenda hewani.

Kwenu mafundi nasema hivi: andikeni bei ya kutafuta uvujaji ukutani, juu ya bei ya gesi, na mkatae kujaza gari ambalo mmelijaza msimu uliopita hadi tundu lake lipatikane. Mtapoteza wateja wachache wenye haraka. Mtabaki na wale watakaoyapeleka magari ya ndugu na jirani zao kwenu kwa miaka, kwa sababu nyinyi ndio mliosema ukweli na kuutengeneza.

Kwetu wenye magari, wajibu ni mfupi zaidi. Mtu anayekuambia "sijui inavujia wapi, niachie gari niitafute" amekupa jibu la kwanza la kweli ulilowahi kupewa juu ya AC yako. Mwachie gari, na umlipe.